Viatu vya mlimani vya pauni 130 na vya plastiki vya elfu saba, nimevitembeza Pemba wiki tatu

Soli ya mguu wa kushoto ilibaki kwenye tope la msitu wa Ngezi na mimi nikaendelea kutembea hatua tatu nne nzima sina habari, nadhani nimekanyaga kitu laini, kigogo kilichooza au nini, mpaka yule mzee aliyekuwa anatutembeza msituni akasema kwa utulivu kabisa, "Yakhe, kiatu chako kimeacha pande huku nyuma." Nageuka naliona limekaa pale topeni kama kobe. Hiyo ndo sababu naandika, maana kabla ya siku ile ungeniuliza kuhusu hizi buti ningekwambia nyota tano bila kufikiri, na kwa milima nilikozizoea bado ni nyota tano, ila mimi nilikwenda nazo nyumbani.

Niseme kabisa nazungumzia jozi mbili. Ya kwanza ni buti za mlimani, zile zinazofunika kifundo cha mguu, ngozi nje, ndani kuna utando wa kuzuia maji, nilinunua Uingereza ninakoishi kwa pauni 130 mwaka 2019. Kampuni siitaji, kilichonikuta kinaweza kukukuta na buti za kampuni yoyote na nusu ya kosa ni langu, mtaona. Jozi ya pili ni vile viatu vya plastiki vya mikanda, vilivyotoboka toboka juu, vya kufunga na kichuma pembeni, ambavyo mtu yeyote aliyekulia pwani kishavivaa au kishapigwa navyo. Shilingi 7,000, Konde, mji mdogo kaskazini ya Pemba. Hakuna aliyenilipa wala kunipa cha bure, na huyo muuzaji wa Konde hata elfu moja alikataa kupunguza.

Nilikuwa Pemba wiki tatu mwezi wa kumi na moja. Vuli, kwa hiyo mvua inapiga saa moja halafu jua linatoka kama halijui lolote, karafuu zimeanikwa kwenye majamvi kila penye uwazi mpaka pembezoni mwa barabara, kisiwa kizima kinanukia, na bahari imetulia maana upepo wa kusi umeshaisha na wa kaskazi haujaja. Ukitaka kutembea na kuogelea kwa safari moja mi naona ndo wakati wenyewe, alimradi ukubali kulowa.

Sa hizi buti. Nilizitumia mwaka mzima kwenye milima ya Lake District, kule kila siku mvua, baridi, mawe yanateleza, na kwa kweli sikuwahi kulowa soksi. Januari 2020 nikaja nazo Pemba likizo, sikuzivaa hata mara moja, na siku ya kurudi begi limejaa mama ananisukumizia karafuu na chupa za mafuta ya nazi, nikasema basi buti zibaki, nikija tena nitazikuta. Mama akazitia kwenye mfuko wa nailoni, akafunga, akatia na mfuko wa pili juu yake, akaziweka kwenye boksi, boksi juu ya kabati. Ndivyo tunavyotunza kila kitu cha maana kwetu, vyeti, mashuka ya wageni, vikombe vya harusi. Nikapita miaka mitano na ushei sijazigusa. Kuja safari hii nafungua boksi, nzuri, nyeusi vile vile, ukungu mweupe kidogo kwenye ngozi nikaupangusa na kitambaa ukatoka, kamba nzima, nikazijaribu sebuleni mama anasema "huyo ni askari wa wapi?" Nikaona nimeokoa pesa.

Kumbe zimeshakufa humo humo kwenye boksi.

Hili nilikuja kulielewa baadaye na naliandika hapa kwa sababu watu wengi wa kwetu wanaoishi nje wanaacha vitu nyumbani hivi hivi. Soli ya buti ina tabaka. Chini kabisa kuna mpira mgumu wenye meno, juu yake kuna povu, lile linalofanya usisikie jiwe, na kwenye buti nyingi za mlimani povu hilo ni poliyurethani. Poliyurethani na unyevu haviishi nyumba moja. Mvuke wa maji uliomo kwenye hewa unaingia kwenye povu kidogo kidogo na kulikata kata ndani, na joto linaharakisha kazi. Kwa nje huoni kitu, siku ukitia uzito likafumuka kama keki kavu. Wenye viwanda wenyewe hutaja miaka mitano mpaka kumi kwa hali ya kawaida, na hali ya kawaida yao si hewa ya Wete mwezi wa nne. Tena wanasema kiatu kinachovaliwa mara kwa mara hudumu kuliko kilichowekwa, kwa sababu ukikanyaga unakamua ule unyevu utoke. Kwa hiyo ile mifuko miwili ya nailoni ya mama, kwa mapenzi yote, ilikuwa inaufungia unyevu ndani pamoja na buti.

Turudi Ngezi. Nilikwenda na mtoto wa dada yangu, miaka 16, yeye kavaa kandambili na nilimsema njia nzima kuanzia kwenye gari ya Konde mpaka kwenye bodaboda inayotupeleka msituni, kwamba msitu hauendwi na kandambili, kwamba atateguka, yaani nilijifanya mtaalamu haswa. Kufika pale getini yule kijana wa zamu akaniangalia kuanzia miguuni akanisalimia Kiingereza, maana kiingilio cha wageni na cha wenyeji si kimoja. Nikamjibu kwa Kipemba cha kwetu mpaka akacheka mwenyewe. Wapemba hujuana kwa vilemba, na siku hiyo kilemba changu kilikuwa buti.

Kwa asiyeijua, Ngezi iko kaskazini magharibi ya kisiwa, ukipita Konde, na ndo kipande kikubwa kilichobaki cha msitu wa asili. Zamani msitu wa namna ile ulifunika sehemu kubwa ya Pemba, ukakatwa kupisha mikarafuu, hasa baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kilichoing'oa mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikapona, toka hapo karafuu nyingi ni zetu sisi. Ndani ni giza la kijani, unyevu unaushika kwa mkono. Kuna mipapindi, ile jamii ya mnazi mwembamba ambayo kiasili haipatikani popote duniani isipokuwa Pemba, mi nimekua naiona nilidhani iko kila mahali. Kuna popo wa Pemba nao hivyo hivyo wa hapa tu, wakubwa, wakikunjua mbawa unafika mita moja na nusu na zaidi, zamani watu wakiwala mpaka wakakaribia kwisha, sa hivi wamerudi na wanapigiwa picha. Ukitaka kuwaona wengi kwa pamoja nenda Kidike, ni karibu zaidi na mji wa Chake Chake.

Sasa njia. Sio mlima, tusidanganyane, Pemba ni vilima na mabonde tu, lakini chini pale ni udongo mzito uliolowa, mizizi imetoka juu kama mishipa ya mkono wa mzee, na kila baada ya muda kuna kijito au dimbwi. Nusu saa ya kwanza buti zilinifurahisha, mzizi siusikii, meno ya soli yanashika. Halafu tukavuka dimbwi lililokuwa na kina kuliko nilivyodhani, maji yakaingia kwa juu, na hapo ndo nikagundua tatizo la pili ambalo halihusiani na uzee wa buti. Ule utando wa kuzuia maji yasiingie unazuia maji yasitoke vile vile. Mguu umo kwenye ndoo. Kila hatua inalia chubwi, chubwi, mtoto wa dada anacheka, na yeye kandambili zake kazikung'uta mara moja kwenye mti zimekauka. Uingereza utando ule unafanya kazi kwa sababu ndani ya kiatu kuna joto na jasho na nje kuna baridi, mvuke unapata pa kukimbilia. Ngezi nje kuna joto na unyevu sawa sawa na ndani, mvuke uende wapi?

Basi si mbali na hapo, karibu na mabaki ya mashine ya kupasulia mbao ya zamani za Waingereza, ndo soli ikabaki. Hebu fikiria mwenyewe, lile chuma limeachwa mvuani miaka na miaka, limekula kutu, limeota mimea, na bado limesimama, buti yangu iliyokaa kabatini ndo imekwisha. Lile pande nililiokota, nikalibonyeza na kidole gumba, povu likaingia ndani na kubaki hivyo, likatoa unga wa kijivu. Yule mzee akalichukua akalinusa hata sijui kwa nini. Akasema, "Hivi vilikufa zamani, wewe umevizika leo tu."

Nimpe haki yake huyu mzee. Kwenye mpini wa panga lake alikuwa kaviringisha mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa utepe mrefu. Akaufungua wote taratibu, akaniambia niweke mguu juu ya gogo, akalirudisha lile pande mahali pake na kulifunga raundi nne kupita juu ya unyayo na nyuma ya kisigino, akaingiza ncha ndani, akavuta. Yaani dakika mbili. Nikatembea. Dakika ishirini baadaye ya kulia nayo ikaachia, na mpira umekwisha, nikamalizia njia na mguu mmoja mrefu na mmoja mfupi kama mtu anayetembea na goti bovu. Wakati huo huo anatuonesha kima punju juu ya mti, walioletwa kutoka Unguja miaka ya 1970, na mi sikuwaona vizuri maana naangalia chini. Kama unaenda Ngezi chukua mtembezaji, hata kama umezaliwa Makangale, hapo hapo jirani. Mi nilidhani nalipia heshima tu kumbe nalipia macho, kila baada ya hatua kumi anasimama kuna kitu, na mimi peke yangu ningepita.

Fundi viatu wa Wete nilimpelekea kesho yake. Kazishika, kazikunja, kachomeka sindano kwenye povu ikaingia kama kwenye mchanga. "Gundi nnayo," anasema, "lakini itashika nini? Kitu chenyewe hakipo." Akasema anaweza kuniwekea soli nyengine nzima ya tairi. Nilicheka, sa hivi nahisi ningekubali. Kampuni nayo niliiandikia na picha, wakajibu vizuri kwa maneno matamu kwamba muda wa garanti umepita na wananishauri nihifadhi viatu mahali pakavu penye ubaridi. Pemba. Mwezi wa kumi na moja.

Hivyo vya plastiki nilivinunua siku ile ile ya balaa, tulipotoka msituni na kurudi Konde maana mpaka Wete na zile soli nisingefika. Duka dogo, vimening'inizwa kwa kamba mlangoni kama ndizi, vyeusi, vya kahawia, na rangi moja ya buluu ya kupitisha mwanga ambayo mtoto wa dada alisema nikivaa hiyo hatotembea na mimi. Nikachukua vyeusi. Mimi navaa 42, ipo 41 na 43. Yule muuzaji anasema chukua 41, vitatanuka. Nikamuuliza plastiki inatanuka vipi, kanijibu "mguu wako utazoea." Nikachukua 43.

Kesho kutwa yake tukaenda Vumawimbi, na hapo ndo nilipovijaribu kweli. Barabara ni hiyo hiyo, unapita katikati ya Ngezi unatokea upande wa pili, bahari. Mchanga mweupe umejipinda kilomita na kilomita, wimbi linavuma kama jina lilivyosema, na mara nyingi humkuti mtu zaidi ya wavuvi na ngalawa zao. Hakuna kioski, hakuna kivuli cha kukodi, nenda na maji yako na chakula chako, sisi mama alitufungia mikate na samaki wa kukaanga na tukala vyote kabla ya saa tano.

Kwenye mchanga viatu hivi vina tabia mbili. Mchanga uliolowa unaingia kwa matundu na unatoka kwa matundu, unatia mguu kwenye maji unatikisa, basi. Mchanga mkavu ndo adui. Chembe zinakaa kati ya mkanda na ngozi, mguu una jasho, na kila hatua inakuwa msasa. Tulitembea kutoka Vumawimbi kuelekea Ras Kigomasha kwenye mnara wa taa, na kabla sijafika nna malengelenge mawili, moja kidole kidogo cha kulia na jengine kisiginoni pale kinapopita kile kichuma. Kile kichuma ndo kasoro kubwa ya kiatu chote. Kinapata moto juani mpaka kinachoma, na ncha yake haikulainishwa, mi niliisugua kwenye jiwe la matumbawe mpaka ikakaa sawa. Pia usiviache juani ukaenda kuogelea. Nilivikuta laini kama vimepikwa, unavaa unaruka, ikabidi nivibebe mpaka majini kwanza.

Halafu niseme ukweli, kwa ufukwe wenyewe huhitaji kiatu chochote. Ukishafika kwenye mchanga vua, funga kamba pamoja, tupa begani. Nilitembea peku sehemu kubwa na sikupungukiwa na kitu.

Panapohitajika kiatu ni pale maji yanapokupwa. Nna shangazi yangu upande wa Micheweni analima mwani, nikaenda kumsalimia siku za bamvua, na kwetu bamvua maji hupwa saa nne saa tano asubuhi na hutoka mbali sana, tofauti ya kujaa na kupwa inafika mita nne, kwa hiyo pwani nzima inakuwa shamba, unaona vijiti na kamba za mwani, wanawake wameinama, watoto wanatafuta pweza kwenye mashimo. Nikaingia na plastiki zangu mpya na kujiamini. Kwenye mawe makali sawa kabisa, soli ni nyembamba unalisikia jiwe lakini halikukati, na vile vidude vyeusi vya miiba mirefu nilivikanyaga pembeni mara moja mwiba ukavunjikia kwenye plastiki na sio kwangu. Kwenye jiwe lenye ule utelezi wa kijani hata usijaribu. Nilianguka mara mbili, ya pili mbele ya wanawake kama kumi, na hakuna aliyejifanya hajaona.

Shangazi akaja na ndoo yake ya mwani akaniangalia miguu. Yeye kavaa viatu hivyo hivyo, vya kahawia, vimepauka mpaka vimekuwa kama maziwa ya chai, lakini ndani kavaa soksi. Soksi ndefu za mpira wa miguu za mistari, za mtu fulani wa skuli, zimevutwa mpaka chini ya goti. "Baba, nani kakwambia vinavaliwa vitupu hivi?" Soksi zinazuia mchanga usisugue, mguu hauchezi ndani ya kiatu, na jua haliunguzi pale juu. Yaani lengelenge zangu zote mbili zilikuwa na dawa ya shilingi elfu. Nikamhadithia habari za buti, akasikiliza mpaka mwisho akauliza, "Kwani huko kuna bahari gani ya kwenda na viatu vya askari?" Nikamwambia hakuna bahari, ni milima. "Haya," akasema, "hapa je, mlima uko wapi?" Akaniambia pia kwenye maji ya magoti nisiinue mguu, niburuze, samaki aina ya taa wanajifukia mchangani na ukimkanyaga mwiba wake unapita plastiki kama haipo. Hilo nalijua toka mdogo na bado nilikuwa nainua miguu kama mtalii.

Toka siku hiyo nikavaa na soksi na maisha yakabadilika. Nilirudi Ngezi usiku kumtafuta yule bundi mdogo wa Pemba, mwengine asiyepatikana kwengine popote, unatembea kimya na tochi imezimwa unamsikiliza analia mlio mmoja mfupi, kimya, halafu mmoja, na yule mzee anamjibu kwa mdomo mpaka anasogea. Tulimuona, yuko kwenye tawi si mbali, rangi ya majani makavu, katuangalia kwa hasira kidogo. Viatu kwenye tope vilifanya vizuri kuliko nilivyotarajia, vinazama, vinatoka, maji yanaingia na kutoka, havina uzito. Havishiki kwenye mzizi uliolala kwa mteremko, hapo buti ingeshinda, buti ikiwa hai namaanisha. Na matundu yale ni mlango. Majimoto, wale chungu wekundu wa mitini, walidondoka kutoka kwenye mti wakaingia, na kama hujawahi kung'atwa na majimoto gizani huku umeambiwa usipige kelele kwa sababu ya bundi, basi hujui subira ni nini.

Kwenye shamba la karafuu la mjomba sikuvivaa, pale watu wanapanda mti na peku ndo salama. Na kisiwa cha Misali sikwenda safari hii kwa hiyo sisemi kitu.

Nyota. Buti, kwa mabonde ya Pemba, mbili, hata zingekuwa mpya. Ni nzito, zinaweka maji, hazikauki, zilikaa siku tatu uani kwa mama bado zinanuka bwawa. Kama unapanda milima yenye baridi, nunua, ila angalia povu la soli ni la nini, kuna buti na raba nyingi za povu jengine la EVA ambalo halifi kwa unyevu namna hii. Plastiki na soksi, nne. Plastiki bila soksi, mbili na nusu. Nyota moja iliyopungua ni ya kile kichuma na utelezi, na hilo sidhani kama kiwanda kitalishughulikia kwa shilingi 7,000.

Kama una buti nyumbani zimewekwa, kazitoe leo kwenye nailoni. Bonyeza povu kwa kucha pembeni ya soli, ukiona kucha inaacha alama isiyorudi au kuna nyufa ndogo ndogo, usiende nazo mahali ambapo hutaki kurudi peku. Zikiwa nzima ziache zipate hewa, na mwambie mtu wa nyumbani azivae sokoni mara moja moja, hata kama zinampwaya. Ukifika safari weka soksi mbili, ndefu, na mafuta ya nazi kidogo kisiginoni kabla ya kuvaa, hilo la mafuta ni la mtoto wa dada yangu na aliliona mwenyewe, yeye ambaye wiki tatu zote hakuvua kandambili na hakupata hata mchubuko. Nilimwachia vile vya plastiki. Kasema vikubwa.

Kuhusu saizi, ukivaa na soksi chukua namba moja juu ya yako, ukivaa bila soksi chukua yako kamili. 42 pale Konde aliniambia zinakuja na mzigo wa Ijumaa, niliondoka Alhamisi.